Hodi Jirani: Kufuli la Geti la Nyuma

Kipupwe kimetukalia. Jioni ukipita mitaa yetu ya Dodoma unakuta watu wazima wamejifunga mashuka kama abiria wa treni ya usiku, na upepo unaingiza vumbi hadi kwenye kopo la sukari. Nadhani ndiyo maana barua za mwezi huu karibu zote zinahusu milango, madirisha na moto. Watu wamejifungia ndani.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: nilikuwa karani wa masjala mpaka nilipostaafu, na wenzangu wakanipa ukatibu wa jumuiya yetu ya nyumba 22, safu mbili zinazotazamana, huku upande wa Kisasa. Niliushika ukatibu huo miaka tisa. Jina la Bi Funguo nilipewa na watoto wa hapa, kwa sababu ya kitita nilichokuwa nakining'iniza kiunoni. Siku hizi kitita kipo kwa mwingine, jina limebaki kwangu.

*Shikamoo Bi Funguo. Tuko nyumba 18 zilizoshikana, huku Iyumbu. Mwezi wa nne wezi walipita geti dogo la nyuma, wakachukua pampu ya maji na nguo zilizokuwa kwenye kamba. Kikao kikaamua geti lile lifungwe kwa kufuli moja kubwa, ufunguo mmoja tu, uwe kwa mlinzi wa geti la mbele. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho. Geti lenyewe liko hatua kumi kutoka jikoni kwangu. Nikisema lisifungwe, naonekana nawatetea wezi. Nifanyeje? — Wa Nyumba ya Mwisho*

Marahaba mwanangu. Ufunguo mmoja, kwa mtu mmoja, aliye kwenye geti jingine. Sasa jiulize: saa nane ya usiku mtu huyo anakuwa wapi? Mimi najua anakuwa wapi, kwa sababu nimewahi kumtafuta.

Ilikuwa Julai ya 2019, baridi kama hii. Nilikuwa nimechomeka friji, birika na hita kwenye ekstensheni moja, ile nyeupe ya bei ya sokoni, nikaipitisha nyuma ya pazia ili isionekane. Nikalala na mjukuu wangu wa miaka minne. Nilichoamkia si mwali, ni harufu, kama ya kandambili iliyodondokea motoni. Sebule ilikuwa imejaa moshi na mlango wa mbele uko upande wa pili wa moshi huo. Nikambeba mtoto, nikatokea mlango wa jikoni, nikavuka ua, nikafika kwenye geti la nyuma. Lilikuwa na kufuli. Kufuli lile nililinunua mimi mwenyewe, shilingi elfu kumi na tano, risiti niliibandika kwenye daftari la jumuiya kwa mkono wangu, na ufunguo wake niliukabidhi kwa mlinzi kwa azimio la kikao ambacho muhtasari wake niliuandika mimi. Mlinzi alikuwa mbele, amejifunika koti hadi masikioni, anasikiliza redio. Niliita mpaka sauti ikakauka. Aliyenisikia ni jirani wa kushoto. Akaruka ukuta, akazima swichi kubwa ya umeme, akalivuta pazia nje. Tuliunguza pazia na kona ya kochi, basi. Lakini zile dakika za kusimama mbele ya kufuli langu na mtoto mgongoni sijazisahau.

Kwa hiyo kwenye kikao usiseme “lisifungwe.” Ukisema hivyo umeshindwa kabla hujakaa. Sema: lifungwe kwa nje, lifunguke kwa ndani bila ufunguo. Fundi wa kuchomelea anaweka komeo upande wa ndani, halafu anachomelea bati pana kuzunguka komeo hilo, upana wa kutosha mkono usiweze kupita juu wala pembeni kulifikia. Kazi hiyo haimalizi siku. Aweke na kengele ya mlango au hata njuga, geti likifunguliwa usiku watu wasikie. Na taa. Wale waliochukua pampu yenu walisaidiwa na giza kuliko walivyosaidiwa na geti.

Wakikataa kabisa, basi omba kila nyumba ipewe ufunguo wake, na kila nyumba iutundike sehemu moja isiyobadilika karibu na mlango wa jikoni, pale ambapo mkono unafika gizani lakini mtu wa nje hauoni kupitia dirishani. Ni afadhali, si dawa.

Ukimaliza geti, geukia madirisha yako. Grili zetu tumezichomelea kana kwamba ndani kuna benki. Katika kila chumba cha kulala dirisha moja liwe na grili yenye bawaba na komeo la ndani, na wanaolala humo wajue kulifungua, pamoja na watoto. Siku moja wafanyishe mazoezi usiku, taa zimezimwa. Wafundishe pia kutembea wameinama, maana moshi wa moto hupanda juu na hewa inayovutika hubaki karibu na sakafu.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kuijua namba ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuweza kuwaelekeza. Mitaa ya Iyumbu inafanana kama vitumbua. Andikeni maelezo ya njia kwenye karatasi, kutoka barabara kubwa mpaka getini, mbandike kwenye kibanda cha mlinzi, asije akaanza kusema “karibu na kwa yule mama wa maandazi.” Na angalieni njia yenu ya ndani. Kama gari la taka huwa linarudi kinyumenyume kwa tabu kwa sababu magari yameegeshwa pande zote mbili, gari la zimamoto litaishia getini.

*Habari za leo dada yangu. Mimi ni mstaafu mwenzako, miaka 67, naishi Ilazo kwenye nyumba sita za safu moja. Wiki iliyopita, mchana kweupe, nilisikia mtu anatembea juu ya dari ya chumba changu. Nikatoka na fimbo. Kumbe ni fundi wa jirani wa nyumba ya kwanza, anafuatilia waya wa king'amuzi. Amepanda kwake, amefika kwangu, na mimi ni wa nne. Jirani ameomba radhi. Lakini usingizi umenipotea. — Mzee wa Fimbo*

Salama kaka, heshima yako. Nimecheka kwa fimbo, ila uliloligundua ni kubwa kuliko fundi. Ukuta kati yako na jirani umeishia kwenye dari. Juu yake, kutoka nyumba ya kwanza hadi ya sita, ni ukumbi mmoja wa giza, mbao za kenchi na nyaya. Anapoweza kupita fundi anaweza kupita mwizi, na kabla ya mwizi anapita moto. Moto ukishaingia huko juu hauulizi mipaka ya hati. Mbao za kenchi ni kavu, na dari za jipsamu zikianza kudondoka wa nyumba ya sita atakuwa bado hajajua kwamba kwa wa kwanza kunaungua.

Dawa ni kuupandisha ukuta wa kati kwa tofali mpaka kwenye bati, kila baada ya nyumba, na kuziba kwa plasta palipobaki nafasi kati ya tofali na bati. Nyaya au bomba likipita, tundu lizibwe kulizunguka. Kusiwe na mbao inayopenya kutoka nyumba hadi nyumba kama inaweza kuepukwa. Lakini usimwite fundi wako peke yako ukaanza kupandisha tofali: mwiteni kwanza mtu anayejua ujenzi aone kama ukuta ule wa chini unaweza kubeba uzito, maana udongo wa Dodoma una maeneo ya mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na ufa ukianza kwenye ukuta wa pamoja kesi yake haiishi.

Nani alipe? Chukueni hati na ramani mzisome, tafadhali, badala ya kubishana kwa kumbukumbu. Ile sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inatenganisha kile ambacho mtu anamiliki peke yake na kile ambacho wote wanamiliki kwa pamoja. Paa lililofunika nyumba sita bila kukatika ni vigumu kudai ni la mtu mmoja. Mimi ningepeleka kikaoni nikisema gharama zigawanywe sita, hata kama kuta zinazopandishwa ni tano, ili wa kona wasianze kuhesabu pande. Kwetu tulibishana juu ya wa kona miezi minne.

Wakati mnachangishana, tia kufuli kwenye kile kijimlango cha kupandia darini kilichopo kwako. Hiyo haizuii moto, ila usingizi utarudi.

*Mbukwenyi Bi Funguo. Binti anayenisaidia kazi analala chumba cha uani. Usiku anaingiza jiko la mkaa kwa sababu ya baridi. Nimemkataza mara mbili, anasema mkaa ukishawaka vizuri hautoi moshi kwa hiyo hauna neno. Kwao Kondoa walikuwa wanafanya hivyo. Je, akiacha dirisha wazi kidogo? — Mama Mapacha, Nzuguni*

Mbukwa, mwanangu. Hapana. Hata akiacha dirisha wazi kidogo.

Mkaa ulioshika vizuri ndio unaodanganya. Unatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu akiivuta damu inashindwa kubeba oksijeni inavyotakiwa. Kichwa kinauma, mwili unalegea, kichefuchefu, halafu usingizi. Aliyelala haamki akaona dalili. Ya Kondoa nayaamini, lakini uliza nyumba hizo zilijengwaje: tembe au nyasi zilizokuwa zinapumua, si chumba cha bloku chenye dirisha la alumini na tambara lililosokomezwa chini ya mlango kuzuia vumbi.

Sasa nikugeukie wewe. Umemkataza mara mbili; umempa mablanketi mangapi? Nunua mawili mazito, zulia au mkeka mnene chini ya godoro, soksi, na chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni. Halafu jiko lilale nje, na kulitoa iwe kazi yako wewe, si yake. Ukimkuta mtu amezidiwa chumbani humo, fungua kila kitu, mtoe kwenye hewa safi, mpeleke hospitali hata kama ameamka na anasema yuko sawa. Usikae ndani ya chumba hicho ukimpepea.

Jenereta ni hivyohivyo, kwa wale mnaoziwasha kwenye korido mvua ikinyesha.

*Bi Funguo shikamoo. Maji yanakuja kwa mgao, kwa hiyo karibu kila nyumba hapa kwetu Miyuji imechimba tangi chini ya ua. La jirani lina mfuniko wa mbao uliopinda na jiwe juu yake. Nina mtoto wa miaka mitatu anayependa kwenda kucheza huko. Nikisema, jirani anajibu: “Mchunge mwanao.” — Mama wa Mmoja*

Marahaba. Kumchunga mwanao ni wajibu wako, amesema kweli, na mfuniko ni wajibu wake. Lakini usimjibu hivyo, mtagombana na tangi litabaki wazi.

Mtoto wa umri huo haogelei wala hapigi kelele akizama. Ni kimya, na ni haraka kuliko kugeuza chapati. Jiwe kwa mtoto wa miaka mitatu ni kitu cha kusukuma. Na mbao iliyolowa na kukauka misimu miwili mitatu huoza kutoka chini, upande usioonekana, mpaka mtu mzima anapoikanyaga.

Geti la nyuma nimelitetea lisiwekwe kufuli. Hapa sasa ndipo pa kufuli. Mfuniko wa chuma, bawaba, kufuli, na mdomo wa tangi uinuliwe juu ya ua kwa tofali moja au mbili ili maji machafu ya uani nayo yasiingie. Nenda kwa jirani ukiwa na bei ya fundi mkononi, umwambie mnatengeneza mifuniko miwili kwa pamoja, yako na yake, ili fundi apunguze. Hata kama ya kwako haikuwa mbovu sana. Asipotaka, omba jumuiya iandike kanuni moja fupi inayohusu mifuniko yote, kusiwe na mtu aliyetajwa jina. Kanuni inayomtaja mtu haizai jirani mwema.

Na nyongeza ambayo hukuuliza: siku ya kusafisha tangi, msimtume kijana aingie peke yake. Hewa ya humo inaweza kuwa haitoshi. Liachwe wazi muda mrefu kwanza, na mtu abaki juu ameshika kamba iliyofungwa kwa aliye chini. Akizimia aliyeingia, wa pili asirukie kumfuata. Anavutwa kwa kamba. Pampu ya petroli isishushwe ndani ya tangi hata kwa dakika tano, moshi wake ni ile sumu ya mkaa niliyomwambia Mama Mapacha.

*Mpendwa Bi Funguo, mimi ni mweka hazina. Nyumba moja haijalipa ada ya ulinzi na taka miezi saba. Kamati imeamua mlinzi asiwafungulie geti wakija na gari mpaka walipe. Jana usiku mke wa mwenye nyumba, mjamzito, alibaki nje dakika arobaini. Wenzangu wanasema dawa imeingia. Mimi sina raha. — Mshika Daftari, Area D*

Usiwe na raha, mwanangu, upo sahihi. Sheria imezipa jumuiya za wamiliki kazi ya kusimamia mali ya pamoja na kukusanya michango yake. Sijaona ilipompa mlinzi kazi ya kumweka mjamzito nje ya nyumba yake usiku. Angepatwa na jambo, kamati nzima ingekuwa inaeleza polisi kwa nini, na azimio mmeliandika wenyewe.

Ondoeni agizo hilo leo, kwa maandishi, na mlinzi asaini kwamba amelipokea. Kisha fuata karatasi: barua ya kwanza yenye hesabu ya mwezi kwa mwezi, ya pili yenye tarehe ya mwisho, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Baraza la kata linaweza kuwapatanisha. Likishindikana ndipo mnatafuta mwanasheria. Ila kabla ya barua ya kwanza, nenda ukapige hodi. Nenda mchana, bila daftari. Katika miaka yangu tisa wadaiwa sugu nilikuwa nao watano. Wawili walikuwa wabishi, wawili walikuwa wameachishwa kazi na wanaona haya, na mmoja alikuwa analipa kila mwezi kwa mtu aliyejifanya mkusanyaji. Huyo wa mwisho alikuwa na risiti zote.

Umenitajia miezi saba. Je, hesabu zenu za mwaka mmezisoma mbele ya wanachama? Nauliza tu.

*Shikamoo mama. Mbwa wa jirani amemparura mwanangu kwa meno, si sana, damu kidogo. Jirani anasema mbwa amechanjwa lakini kadi haioni. — Baba Chanika, Nkuhungu*

Marahaba, lakini ungenipigia simu badala ya kuandika, gazeti linachelewa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kwa saa, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hujampeleka, funga gazeti hili uende sasa hivi. Kadi isiyoonekana ihesabiwe kuwa haipo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe na aonwe na daktari wa mifugo.

*Dada, mzabibu wa jirani umepanda ukuta wetu wa pamoja kwa chanja aliyoiegemeza hapo, vishada vinaning'inia kwangu. Mke wangu anachuma. Jirani amenuna. Nani mwenye haki? — Mpenda Amani, Makulu*

Zabibu za Dodoma zimewahi kugombanisha watu wenye mali kuliko ninyi. Mzizi uko kwake, kivuli na majani yanayoziba mfereji wako viko kwako, kwa hiyo mkalie chini mgawane. Mimi kinachonisumbua si vishada, ni chanja. Umesema imeegemea ukuta. Chanja ya miti iliyoegemea ukuta wa uani ni ngazi, na imesimama hapo usiku kucha bila mlinzi. Mwambie aisogeze ndani kwake kama mita moja, mzabibu ukatwe matawi yaliyokamata juu ya ukuta. Afanye baada ya kuvuna. Mavuno ya Agosti na Septemba yako mlangoni, na kumkatia mtu mzabibu wenye vishada ni kutafuta ugomvi mwingine. Mpaka siku hiyo, mkeo akichuma, apeleke bakuli moja kwa jirani. Zikiwa zimeoshwa.